Ukuta Tuliokataa Kuupaka Chokaa

Mama mkwe wangu, Munjia, hakuwa mtu wa kupiga kelele. Ukimsikia amepaza sauti, ujue mbuzi ameingia kwenye shamba la hina. Kwa hiyo siku ile alipotuambia tuimwage chokaa yote chini, tulidhani masikio yetu yametudanganya.

Ilikuwa wiki ya kuelekea ziara ya Sidi Gharisi, sikukuu ya walii wetu. Kila mwaka, mikomamanga inapoanza kutoa maua, wanawake wa Tamzura huipaka chokaa zawia yake, nyumba ya kumzuru na kuomba dua: kuta, kuba, mpaka vizingiti. Wanaume hawana lao katika kazi hiyo, isipokuwa kuleta ngazi na kuondoka. Bibi zetu walifanya hivyo, na bibi wa bibi zetu, tangu enzi za Waturuki zawia ilipojengwa. Kiongozi wa kazi hutoka katika nyumba ya akina Munjia. Mimi, Saluha, niliingia katika nyumba hiyo kwa kuolewa na mwanawe, Nuri, na asubuhi ya kwanza ya ziara baada ya harusi yangu nilikabidhiwa burashi kabla sijakabidhiwa sufuria.

Zawia yenyewe si kubwa. Ina kuba moja, ua mdogo, na mlango wa jiwe la manjano lililochongwa majani ya mzabibu. Juu ya mlango kuna mstari wa maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye jina la Sidi Gharisi na dua yake. Watu huja kutoka jangwani, kutoka visiwani, hata wale waliohamia Ufaransa hupanga likizo zao ziangukie ziara. Mwanamke asiyepata mtoto huja. Mwenye mgonjwa huja. Kijana aliyefeli mtihani huletwa na mama yake, ameshikwa mkono kama mwizi.

Kiwanda cha mbolea kilijengwa Munjia alipokuwa bibi harusi. Alikuwa akitusimulia kwamba mwanzoni watu walikwenda jioni kuyatazama mabomba ya moshi kama wanaokwenda sinema, wakibeba mbegu za maboga za kutafuna. Halafu mitende ya upande wa bahari ikaanza kukauka vichwa. Halafu samaki. Sisi tuliozaliwa baadaye tulizaliwa ndani ya harufu ile ya kiberiti na yai bovu, wala hatukujua kuwa ni harufu mpaka siku tuliposafiri tukavuta hewa ya kwingine na kuuliza kuna nini, mbona hakunuki.

Na jiwe nalo lilikuwa linavuta hewa hiyohiyo. Zamani chokaa ilikaa ukutani mwaka mzima. Miaka hii ya karibuni ilikuwa inageuka manjano, inavimba malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, na kubabuka kabla wageni wa ziara hawajafika makwao. Tukibandua gamba, tunakuta chini yake jiwe jeusi, laini, linalomong'onyoka ukilitia ukucha. Tulikuwa tunapaka juu yake, tunanyamaza.

Siku hiyo Munjia alipanda ngazi mwenyewe kusafisha sehemu ya mlango, maana hakumwachia mtu mwingine. Alitamka bismillahi, akapitisha kiganja juu ya maandishi kufuta vumbi, kama alivyofanya kila mwaka. Nilikuwa nimemshikia ngazi. Nikaona mkono wake umesimama. Akashuka polepole, kiganja kimefumbwa, akakifumbua mbele yetu.

"Tazameni. Ni nini hii?"

"Vumbi, Mama," nilisema.

"Si vumbi, Saluha. Ni Sidi Gharisi. Jina lake lilikuwa pale juu, sasa liko hapa."

Nilitazama juu. Pale palipokuwa na herufi ndefu zenye shingo kama mabata, palikuwa na jiwe tupu, limekwaruzika.

Jirani yetu Khaduja, ambaye hata msibani hukosi kumsikia akichekesha watu, alisema, "Basi tumpake upesi, kabla hajatutoka mzima mzima."

Wengine wakacheka. Munjia hakucheka.

"Tumpake? Kila mwaka tunampaka. Wageni wanakuja, wanaona kweupe, wanasema mashaallah, wanakwenda zao. Na wale wenye mabomba wanaona kweupe, wanasema mbona hakuna kilichoharibika. Sisi ndio tunaowafichia. Tunampaka maiti wanja." Akajifuta kiganja kifuani, juu ya nguo yake, wala hakukikung'uta. "Mwaka huu hatupaki. Mwageni chokaa."

Hakuna aliyesogea. Basi akainua ndoo yake mwenyewe, akaipindua mchangani. Chokaa ikatambaa chini, nyeupe kama maziwa.

Khaduja akaiangalia ndoo yake, akamwangalia Munjia, akashusha pumzi. "Haya. Mgongo wangu ulikuwa unanisumbua tangu alfajiri. Sidi Gharisi kanihurumia." Akamwaga. Baada ya yeye, wote tukamwaga.

*

Tamzura ni mji mdogo. Chafya ukiipigia sokoni, huambiwa yarhamkallah bandarini. Kabla ya adhuhuri kila mtu alishajua. Jioni yake tukapata wageni: Shehe Khelifa, mlinzi wa zawia, na pamoja naye mkurugenzi wa Kiwanda, Bwana Karwi, na boksi la keki za lozi mkononi.

Bwana Karwi hakuwa mtu mbaya wa sura wala wa maneno. Kila ziara alitoa fahali wa kuchinjwa, na kila ziara alisimama karibu na mlango wa zawia kupigwa picha. Alipenda kushukuriwa. Nuri, mume wangu, alikuwa mfanyakazi wake katika sehemu ya tindikali, na siku hiyo ndiye aliyeandaa chai, kwa uangalifu kama anaposwa yeye.

Shehe Khelifa ndiye aliyeanza. "Dada Munjia, umeniaibisha. Walii wa Mungu atapokea wageni akiwa uchi?"

"Si mimi niliyemvua nguo, Shehe."

"Chokaa ndiyo shati la jiwe. Baba yangu alinifundisha hivyo, na wako pia. Ukilinyima shati mwaka mzima, mvua ya baridi italimaliza. Unataka kumwokoa au kumuua?"

Hapo aliongea kweli, na Munjia alijua kuwa ni kweli. Nilimwona akizungusha gilasi ya chai bila kunywa.

"Shati lililiwa kabla halijakauka, Shehe. Umelitazama mwenyewe. Miaka mingapi sasa tunamvisha matambara na kuyaita shati?"

Bwana Karwi akaweka keki mezani. "Mama, mimi pia namheshimu Sidi Gharisi. Lakini wataalamu wametuambia, hii ni chumvi. Upepo wa bahari. Miji yote ya pwani ina tatizo hili."

"Bahari ilikuwepo kabla ya Sidi Gharisi, Bwana Mkurugenzi. Wamekaa ujirani miaka mingi kuliko tunavyoweza kuhesabu mimi na wewe, na hawakugombana."

Nuri alikohoa. Sijui kilikuwa kikohozi chake cha kawaida au alitaka mama yake anyamaze.

"Usisumbuke basi," alisema Bwana Karwi kwa upole. "Akina mama wamezeeka, kazi ni nzito, naelewa. Nitaleta vijana wangu na rangi ya kisasa, ya makopo. Ile ukiipaka haitoki miaka kumi."

"Na jiwe lililo ndani?"

"Halitaonekana kabisa."

"Ndicho ninachokiogopa," alisema Munjia. Akalisukuma boksi la keki likarudi upande wa mgeni, taratibu, kwa kidole kimoja.

Walipoondoka, Nuri alilipuka. Si kawaida yake. Hata watoto walitoka ndani kutazama.

"Mama, unajua nani analipa unga wa humu ndani? Unajua?"

"Najua."

"Nusu ya wanaume wa mtaa huu wanakula kwa Kiwanda kile. Wewe unataka tule jiwe?"

"Nataka upumue, mwanangu. Usiku unakohoa mpaka ukuta wa chumba changu unaitikia."

"Kifua changu ni changu!"

"Nilikibeba mimi kabla hujakibeba wewe."

Nuri akanigeukia. "Na wewe, Saluha? Ulimwaga?"

"Nilimwaga," nilisema.

Alichukua koti lake akatoka. Alirudi tumeshalala, na kwa siku kadhaa alikuwa akiniomba chumvi kwa kupitia watoto.

*

Hatukujua vijana wa Bwana Karwi watakuja siku gani, lakini tulijua hawatakosa kuja. Safari hii ilisemekana wakubwa kutoka mji mkuu watahudhuria ziara, na mabango yalikuwa yameshachapwa: "Zawia ya Sidi Gharisi, imekarabatiwa kwa hisani ya Kiwanda." Mpwa wa Khaduja aliliona bango dukani kwa mchapishaji, limeegemezwa ukutani, wino haujakauka.

Munjia akasema, "Twendeni tukakae."

Ndivyo alivyosema tu, tukakae. Tukachukua mikeka, mitungi ya maji, vikapu vya mkate na zeituni na pilipili, na kazi za mikono, tukaenda kukaa tumeuegemea ukuta wa zawia, mgongo kwa jiwe, bega kwa bega, kuuzunguka wote. Aliyechoka alimwita binti yake ashike nafasi. Tulichambua mboga ya mulukhiya pale. Tulisuka mikeka pale. Khaduja alisema tangu aolewe hajawahi kukaa bila kazi muda mrefu hivyo, na kwamba angejua uasi ni mapumziko angeasi mapema.

Vijana wa Kiwanda walikuja asubuhi moja kwa lori, na ngazi, na makopo ya rangi. Wengi tulikuwa tunawajua, tuliwabeba mgongoni walipokuwa wachanga. Bwana Karwi alikuwa nyuma yao ndani ya gari lake. Na wa kwanza kushuka kwenye lori, burashi mkononi, alikuwa Nuri.

Walimchagua makusudi. Hilo hata kipofu angeliona.

Bwana Karwi akashuka. "Nuri, waambie mama zako wasogee kidogo. Tutamaliza kabla ya jua kali."

Nuri akaja mpaka mbele ya mama yake. Munjia alikuwa amekaa chini ya maandishi, kichwa kimegusa jiwe, miguu imenyooshwa.

"Mama, sogea."

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Mama. Tafadhali."

"Ukuta ni huu. Paka. Sikuzuii." Akalinyoosha shuka lake begani. "Utaanzia na mimi, maana mimi ndio niko mbele. Sura yangu, shuka langu, kisha jiwe."

Kijana mmoja nyuma akacheka kwa woga. Mmoja wa wanawake waliokuwa upande wa pili akaanza kusoma tahlili, na zikaanza kusambaa, kutoka mdomo hadi mdomo, kuuzunguka ukuta.

"Msimamizi!" Bwana Karwi aliita. "Anza wewe."

Msimamizi wa vijana hao hakuwa mtu wa Tamzura. Alichovya burashi pana, akaipeleka ukutani juu ya vichwa vyetu, kwa haraka, ili aonyeshe kuwa inawezekana. Rangi ikadondoka. Ikamwagikia Munjia usoni, ikashuka kwenye nyusi, ikaingia jicho la kushoto. Mimi nilikuwa pembeni yake. Nikapata ya shingoni, baridi, yenye harufu ya mafuta.

Munjia hakujifuta. Aliketi vilevile, nusu ya uso nyeupe, jicho limefumbwa, jicho jingine likimtazama Nuri. Tahlili zikakatika. Tukaisikia mashine ya Kiwanda kwa mbali, ile ngurumo tuliyoizoea hata hatuisikii.

Nuri alimwendea msimamizi, akamnyang'anya burashi. Nilidhani atampiga. Hakumpiga. Aliitupa ndani ya kopo, akalifunika kopo, akalipandisha kwenye lori. Kisha akavua fulana ya kazi yenye nembo ya Kiwanda, akaikunja vizuri kama mtu anayekunja nguo za kwenda hija, akaiweka juu ya boneti ya gari la Bwana Karwi.

"Nuri," alisema Bwana Karwi, "fikiria watoto wako."

"Nimewafikiria."

Halafu akaondoka kwa miguu, kifua wazi, akipita katikati ya mitende. Mama yake alimwita. Hakugeuka. Wale vijana wengine mmoja mmoja walishusha burashi zao. Mmoja alileta maji na kitambaa, akapiga magoti, akamwosha Munjia jicho, huku akirudia, "Nisamehe, bibi, nisamehe," ingawa si yeye aliyemwaga.

Nyumbani nilimkuta Nuri amekaa uani, ameegemea kisima.

"Msidhani nimekuja upande wenu," alisema kabla sijafungua mdomo. "Nimekosa kazi, basi. Mama kanichagulia."

"Hakukuchagulia. Fulana uliivua mwenyewe."

Aliinuka akateka maji kisimani. Lakini jioni aliniomba chumvi mwenyewe, bila kupitia kwa mtoto.

*

Siku ya ziara ikafika. Wageni walianza kumiminika tangu alfajiri, mabasi na malori, ngoma na bendera za kijani. Nao wakaona. Kwa mara ya kwanza maishani mwao walimwona Sidi Gharisi bila chokaa: kuba la manjano lenye madoa meusi kama mapafu ya mvutaji sigara, kuta zimeliwa, majani ya mzabibu mlangoni yamebaki vikonyo.

Wengi walitugeukia sisi. Bibi mmoja kutoka jangwani, mwenye chale kidevuni, alipiga kelele, "Wanawake wa Tamzura, mna haya nyie? Mmemtelekeza baba yenu!"

Munjia alimchukua mkono yule bibi, hakugombana naye, akakiweka kiganja chake ukutani na kukisugua kidogo. Bibi akakitazama kiganja. Kilikuwa kimejaa unga mweusi. Alikaa chini palepale akalia, na wengine wakaja nao kuweka viganja vyao.

Mchana, baada ya chakula, Bwana Karwi alipanda jukwaani na wakubwa wake wamekaa nyuma yake. Alishukuru, akasifu, akatoa pole. Akasema Kiwanda kimeumia kuona hali ya zawia, lakini kazi ya Mungu haina makosa; bahari imekula jiwe, chumvi na upepo, na Kiwanda kiko tayari kusaidia.

"Si bahari."

Sauti ilitoka katikati ya umati. Niliifahamu kabla sijamwona. Nuri alikuwa amesimama juu ya kiti cha mgahawa, kiti kinayumba, mtu mmoja anamshikia miguu.

"Ndugu zangu, mimi si msemaji. Mimi nilikuwa sehemu ya tindikali. Bomba la zamani, lile la upande wa huku, chujio lake limekufa. Limekufa siku nyingi. Likitengenezwa, uzalishaji utasimama, kwa hiyo halitengenezwi. Upepo ukivuma kwenda baharini tunaambiwa tupunguze, kwa sababu ya hoteli za watalii ufukweni. Upepo ukivuma kuja kwetu tunaambiwa fungueni." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Nani alikuwa anafungua? Mimi nilikuwa miongoni mwao. Mkono huu. Mwenye kubisha na aje atuambie hapa mbele ya Sidi Gharisi, aape."

Alimtazama Bwana Karwi. Umati wote ukamtazama Bwana Karwi.

Mtu huweza kusema uongo ofisini, na kwenye redio, na mbele ya hakimu. Kwetu mtu haapi uongo mlangoni kwa Sidi Gharisi. Bwana Karwi aliwageukia wakubwa wake. Akasema suala hilo ni la kitaalamu, si mahali pake. Watu wakaanza kumzomea. Akashuka jukwaani akaelekea mlango wa zawia, labda kutafuta stara, labda kusoma fatiha kweli; sijui moyo wake.

Shehe Khelifa alikuwa amesimama kizingitini. Yule yule aliyekuja kwetu kulalamika. Akanyoosha mkono akashika mwimo wa mlango.

"Ukitaka kuingia kama mja, vua viatu uingie, mlango wa Mungu haufungwi. Ukitaka kuingia kama mfadhili, fahali wako yule bado yuko hai. Mchukue."

Bwana Karwi aligeuka akaenda kwenye gari lake. Yule fahali alibaki amefungwa mtendeni mpaka kesho yake walipokuja kumchukua, na nasikia aliwasumbua sana kupanda lori.

Hakuna aliyetoa amri. Wageni walizichukua bendera za Sidi Gharisi, ngoma zikatangulia, na tukaondoka wote kwenda lango la Kiwanda. Munjia alitembea mbele, jicho lake la kushoto bado jekundu, na bibi wa jangwani amemshika mkono. Tulifika tukatandika mikeka. Malori ya mbolea hayakutoka siku hiyo, wala ya pili yake. Wageni wengine walirudi makwao, wengine wakaja. Watu wa redio walikuja. Liwali wa mkoa alikuja, akazungumza na Munjia amesimama, akarudi tena akazungumza naye amekaa chini. Ndipo walipoanza kuelewana.

Bomba la zamani lilizimwa. Niliona kwa macho yangu moshi wake ukipungua, ukawa uzi, ukaisha. Watu walipiga vigelegele. Munjia alisema, "Bado moja," akaendelea kuchambua mulukhiya yake.

*

Nisiseme kwamba mambo yote yalinyooka. Bwana Karwi alihamishwa. Watu wa idara ya mambo ya kale walikuja wakamkanda Sidi Gharisi kama mgonjwa, kwa maji na pamba na unga wa jiwe. Kuta walizitibu. Maandishi ya mlangoni hawakuweza. Walitaka kuchonga mapya, yafanane na ya zamani, Munjia akakataa. Alisema pakae patupu, ili mtoto akipita aulize palikuwa na nini, na aliye karibu alazimike kujibu. Shehe Khelifa safari hii alimuunga mkono.

Nuri hakurudishwa kazini. Siku hizi analima makomamanga na hina ya mjomba wake, na bado anakohoa, ingawa si kama zamani. Wakubwa wapya walituletea magunia ya chokaa nzuri kabisa, wakatuomba tuipake zawia kwa ajili ya ziara iliyofuata, maana sasa, walisema, hali imetengemaa. Munjia aliwahesabia wapagazi magunia yao yarudi yalikotoka. Bomba la pili linatoa moshi mpaka leo, na mpaka leo hatujapaka.

Lakini bomba la zamani lilipozimwa, wanaume kadhaa walipoteza kazi pamoja nalo. Mmoja wao ni mume wa Hania, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hania alikuwa nasi ukutani. Alikaa na mtoto mchanga kifuani siku zote zile. Siku mumewe alipoletewa habari, alisimama mlangoni kwetu akasema kwa sauti ili mtaa wote usikie, "Munjia! Jiwe lako limepona. Mwambie basi lije liwapikie wanangu!"

Munjia alimsikiliza mpaka mwisho. Alirudi ndani akakaa chini. Nuri alimwambia, "Mama, usijali, ana hasira." Akasema, "Ana haki ya hasira. Mimi pia nina haki ya ukuta. Zote mbili ni kweli, ndiyo maana inauma."

Ijumaa ile alipika kuskusi ya samaki, sahani kubwa ya harusi, akaifunika kitambaa, akaibeba mwenyewe mpaka kwa Hania. Hania aliipokea mlangoni. Baada ya muda kidogo sahani ikarudi kwa mkono wa jirani, imefunikwa vilevile, haijaguswa.

Khaduja alikasirika. "Mtu kakutukana, na chakula kakurudishia! Achana naye."

"Aweza kukataa," alisema Munjia. "Si mwenyewe aliniona nikikataa? Amejifunza kwangu."

Ijumaa iliyofuata alipika tena, akaibeba tena. Nilimfuata nyuma na pilipili iliyosahaulika. Hania alifungua mlango, akamtazama, akautazama moshi wa ile sahani.

"Hujachoka?" aliuliza.

"Bado," alisema Munjia, na hakuondoka mlangoni.